Treni Inaishia Miritini, Meli Iko Kilindini: Panga Pesa za Kipande cha Katikati

Ukiwa na tiketi ya treni kwenye simu na karatasi za meli kwenye begi, ni rahisi kudhani safari imekwisha pangwa. Nauli umelipa. Meli umelipa, au umelipiwa. Kilichobaki ni kufunga mizigo tu. Lakini kati ya behewa la SGR na ngazi ya meli kuna kipande cha barabara ambacho hakimo kwenye tiketi yoyote: kutoka stesheni ya Miritini hadi upande wa Liwatoni, kisiwani Mombasa, karibu na Gati Namba 1 la bandari ya Kilindini, ambako meli za watalii hufunga.

Kipande hicho si kirefu. Kwa gari, barabara ikiwa nyeupe, ni safari fupi kuliko ile ya kutoka katikati ya Nairobi hadi stesheni ya Syokimau asubuhi ya kazi. Hata hivyo, hapo ndipo msafiri anapokuwa amechoka, mikono imejaa mabegi, simu ina asilimia chache za chaji, na kila mtu anayemkaribia ana bei yake. Pesa nyingi hupotea hapo kwa sababu hazikupangwa. Na treni ikikuchelewesha unaweza kupanda ya kesho, lakini meli ikiondoka imeondoka.

Makala haya ni ya yeyote anayeshuka Mombasa na mizigo kwenda melini: familia inayoenda matembezi ya baharini, mzee anayesindikizwa na wanawe, na kijana anayekwenda kazini kama baharia. Neno letu ni moja: lipa, tenga na thibitisha kabla mzigo haujainuliwa.

Kwa nini treni haikufikishi

Wazee watakuambia zamani treni ilikuwa inaingia kisiwani, na ni kweli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ilifika Ziwa Viktoria. Abiria wa reli hiyo walipanda na kushukia kwenye stesheni ya kisiwani, na kutoka hapo hadi Kilindini ni mwendo mdogo. Hata kabla ya magari kuenea, mji ulikuwa na vijireli vyembamba vya matoroli yaliyosukumwa na watu, yakibeba abiria na mizigo kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Matoroli hayo yalidumu hadi miaka ya 1920.

SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, mambo yalibadilika. Reli mpya ya mizigo inaendelea hadi bandarini, kwa hivyo makontena yanafika gatini kwa treni. Abiria wao wanashukia Miritini, bara, nje ya kisiwa. Kutoka hapo, njia iliyozoeleka ni barabara: Miritini, Jomvu, Mikindani, Changamwe, unavuka Makupa, ndipo unaingia kisiwani. Ni barabara hiyo hiyo wanayoitumia madereva wa matrela yanayotoka bandarini. Siku nyingine utapita kwa dakika chache, siku nyingine utakaa Changamwe ukihesabu kontena.

Ndiyo maana tunasema kipande hiki kipangiwe pesa zake na muda wake peke yake.

Saa ya treni na saa ya meli

Tuanze na muda, kwa sababu muda ukibana, bei hupanda. Mtu mwenye haraka hajui kupatana.

Kutoka Nairobi, SGR imekuwa na safari ya asubuhi saa mbili, inayosimama vituo vya njiani, ya alasiri saa tisa, na ya usiku saa nne. Angalia vizuri namna saa zinavyoandikwa. Kwenye tiketi utaona 08:00, 15:00 au 22:00. Mtu akimwambia mama kwa simu kwamba treni ni ya "saa nane", na mama akaelewa saa nane ya mchana, treni itakuwa imeshafika mbali. Ukimtumia mwenzako habari za safari, andika tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi, kisha ongeza "asubuhi", "mchana" au "usiku".

Treni ya asubuhi inakufikisha Miritini mchana. Ya alasiri inakufikisha usiku, giza limeshaingia. Ya usiku inakufikisha kabla ya jua kuchomoza. Meli nazo hufunga mlango wa kupandia mapema kabla ya kung'oa nanga, kwa kawaida saa nzima au zaidi. Saa iliyoandikwa kuwa ya kuondoka si saa ya kufika na begi lako. Saa ya kupanda ndiyo yako.

Ushauri wetu ni huu: usipange treni na meli siku moja. Fika Mombasa siku moja kabla, lala kisiwani, kisha asubuhi uende bandarini ukiwa umepumzika. Gharama ya chumba cha usiku mmoja ni ndogo kuliko gharama ya kuifuata meli kwenye bandari inayofuata. Ukilazimika kusafiri siku hiyo hiyo, basi treni ya usiku ndiyo inayokuachia nafasi ya kupumua, mradi una mahali salama pa kukaa na mizigo hadi geti lifunguliwe.

Kuna jambo jingine. Msimu wa meli za watalii pwani yetu ni ule wa kaskazi, takriban Novemba hadi Aprili, bahari ikiwa tulivu. Katikati ya msimu huo kuna Desemba, wakati ambapo Nairobi nzima inataka kuteremka Mombasa. Tiketi za SGR huisha. Nunua yako mara tu tarehe ya meli inapothibitishwa, usingoje wiki ya Krismasi.

Kulipia tiketi bila kumpa broka chake

Tangu Januari 2024, nauli ya mtu mzima kati ya Nairobi na Mombasa imekuwa shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na shilingi 4,500 kwa daraja la kwanza. Tunazitaja ili ujue pa kuanzia. Hakikisha bei ya siku unayosafiri kwenye mfumo wa Shirika la Reli lenyewe kabla hujalipa. Mtu akikuuzia ya daraja la kawaida kwa elfu tatu kwa sababu "zimeisha lakini nina moja", huyo ni broka, na tiketi yenyewe huenda ina jina la mtu mwingine.

Hapo ndipo watu wanapokwama. Tiketi ya SGR ina jina na namba ya kitambulisho au pasipoti ya msafiri, na stesheni wanaangalia. Ukinunua tiketi yenye jina la mtu usiyemjua, umenunua karatasi.

Kwa hivyo:

- Weka nafasi kwenye mfumo rasmi, kwa simu au intaneti, au nenda dirishani mwenyewe.
- Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa na mfumo huo huo. Kama malipo ya tiketi yanaenda kwa namba ya simu ya mtu binafsi, simama hapo.
- Soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Jina la mtu si jina la shirika.
- Hifadhi ujumbe wa malipo na ujumbe wa tiketi. Piga picha ya skrini, umtumie na mtu mmoja wa nyumbani. Simu ikizima stesheni, yeye anaweza kukusomea namba.
- Anayesafiri kwa pasipoti kwenda melini anunue tiketi ya treni kwa pasipoti hiyo hiyo, ili nyaraka zake zote ziwe na jina na namba moja.

Mizigo: unachobeba ndicho unachokihudumia

SGR si kama ndege. Hakuna mkanda unaochukua begi lako Nairobi na kukurudishia Mombasa. Begi lako ni lako tangu getini hadi mwisho: unalishusha kwenye gari, unalipanga chini kwa mstari ili mbwa wa ukaguzi wapite, unalipitisha kwenye mashine, unapanda nalo, unaliinua kwenye rafu juu ya kiti au unalisimamisha panapowezekana. Fika mapema, angalau saa nzima kabla ya treni. Vitu vya kuwaka moto, mitungi ya gesi, silaha na pombe ya kubeba viache nyumbani, vitakuchelewesha bure.

Kabla ya kufunga, jaribu kuinua kila begi mwenyewe juu ya kichwa. Usiloweza kuliinua utalilipia mtu wa kuliinua, si mara moja, bali Nairobi, Miritini, mlangoni pa hoteli na getini pa bandari. Mara nne. Begi moja zito linaweza kula pesa kuliko mabegi mawili mepesi.

Wakati wa ukaguzi, mikono ikiwa imejaa, ndipo simu husahaulika kwenye trei au ikaachwa juu ya begi. Simu hiyo ndiyo pochi yako. Iweke kwenye mfuko wenye zipu mwilini mwako, na uihesabu kila unapotoka sehemu moja kwenda nyingine: simu, kitambulisho, begi la kwanza, la pili.

Kuhusu lebo za mabegi: andika jina, na namba ya simu ya ndugu yako, si ile namba unayowekea pesa. Namba ikiwa wazi kwa kila apitaye, kuna anayeweza kupiga na kusema, "Tumepata begi lako hapa stesheni, tuma nauli ya kukuletea." Begi lako unalo miguuni, lakini ukiwa umelala utashtuka na kutuma. Ikipigwa kwa ndugu, atakuuliza kwanza.

Ukiwa ndani ya treni, usilipe mara mbili

Kati ya Mtito Andei na Voi reli inakata mbuga ya Tsavo. Ukibahatika utaona ndovu. Mtandao nao unakuja na kuondoka. Hapo si mahali pa kuanza kulipia hoteli au kumtumia dereva kishika nafasi.

Kama umeshabonyeza na ujumbe wa kuthibitisha haujaja, usirudie. Hili tunalirudia kila mara kwa sababu linaumiza watu wengi: muamala wa kwanza unaweza kuwa umepita, ujumbe ndio umechelewa. Ngoja mtandao urudi, angalia salio, angalia orodha ya miamala ya karibuni. Ukikuta haukupita, ndipo ulipe. Ukikuta umepita, umeokoa pesa zako.

Na ukipata ujumbe unaosema umetumiwa pesa, ukifuatwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea namba, usirudishe kwa kumtumia. Angalia salio lako kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoingia. Ule ujumbe ameuandika yeye. Hata kama pesa zimeingia kweli, mwambie apigie huduma kwa wateja, sisi tutazirudisha kwa utaratibu.

Miritini: jihadhari na "utanipa tu"

Sasa umeshuka. Watu mia kadhaa wameshuka nawe, wote wanaelekea mlango mmoja. Nje kuna matatu za kwenda mjini na Ferry, kuna tuktuk, boda, na teksi, za kuitwa kwa programu na za kawaida. Na kabla ya zote, kuna hamali.

Hamali ni mtu wa kazi, na kazi yake ni ya halali na nzito. Shida haiwi kwake, iko kwenye maneno mawili. Unauliza, "Ndugu yangu, haya mabegi mpaka kwenye matatu ni ngapi?" Anajibu, "Utanipa tu, mzee." Ukikubali hapo, mmeanza kazi bila bei. Mkifika, wewe unawaza hamsini, yeye anawaza mia tatu, na mabegi yako yako mikononi mwake huku makanga anapiga kelele gari linaondoka. Utalipa.

Jibu lake ni la heshima tu: "La, ndugu yangu, tuelewane kwanza. Bei gani kwa mabegi yote, mpaka pale?" Taja idadi ya mabegi na taja mahali. Mkishakubaliana, uliza tena: "Unapokea taslimu au kwa simu?" Maswali hayo mawili yanachukua dakika moja na yanazuia ugomvi wote.

Fanya vivyo hivyo kwa dereva. Usiseme "nipeleke bandarini", kwa sababu bandari ni kubwa na ina mageti mengi, na mtu anaweza kukushusha upande mwingine kabisa na kukudai nauli ya pili. Sema "Liwatoni, karibu na Mbaraki", au taja geti lililoandikwa kwenye karatasi zako za meli. Patana nauli ya gari zima pamoja na mizigo, si ya mtu peke yake, maana "na hili begi je?" huja mwishoni.

Matatu ni rahisi kwa mwenye begi moja. Ukiwa na matatu au manne, utatakiwa kulipia kiti cha mizigo, utashuka mjini, kisha utafute tuktuk ya kukumalizia. Piga hesabu mapema: nauli ya matatu, ya kiti cha mizigo, hamali mara mbili na tuktuk, mara nyingine zinakaribia teksi moja inayokufikisha mlangoni.

Tuchukue mfano. Familia ya watu watatu, mabegi matano. Nauli ya treni, daraja la kawaida, watu wazima wote: 4,500. Kwa kipande cha katikati, tuseme wametenga hamali 300 Syokimau na 300 Miritini, gari hadi kisiwani 2,000, chakula 1,500, hamali na tuktuk ya asubuhi 700. Jumla ya kipande hicho ni 4,800. Hizo ni hesabu za mfano, bei za siku yako utazikuta huko, lakini ona umbo lake: kipande kifupi kimepita nauli ya treni nzima. Aliyepanga nauli peke yake ataanza kukopa akiwa barabarani.

Taslimu kidogo, simu kiasi

Hatukwambii uache taslimu kabisa, japo kazi yetu ni malipo ya simu. Kwa hamali, kwa maji, kwa choo, noti za hamsini na mia zinaokoa muda. Toa kwa wakala wa mtaani kwako siku moja kabla, uombe akupe noti ndogo. Ukingoja kutoa Miritini utasimama kwenye foleni na mabegi, na kila aliye nyuma yako ataona unapewa ngapi.

Pesa kubwa zibaki kwenye simu: gari, hoteli, chakula. Kwa malipo ya simu, zingatia haya:

- Uliza kama ana till. Kwa kawaida kulipa kwa till hakumkati mteja ada, na jina la biashara linaonekana. Kutuma kwa namba ya mtu kuna ada kulingana na kiasi.
- Ingiza namba mwenyewe. Usimpe mtu simu yako "akusaidie kubonyeza", hata akiwa na sare.
- Ziba PIN kwa mkono. Kwenye kundi la watu wanaoshuka treni, kuna macho nyuma ya bega lako.
- Lipa mkishafika, mizigo yote ikiwa chini na umeihesabu. Kama dereva anataka mafuta kwanza, mpe sehemu, si yote.
- Tenga pesa za safari. Hamisha akiba iliyobaki kwenye akaunti ya akiba, ubaki na kiasi cha siku mbili kwenye salio la kawaida. Simu ikiibwa, hawatakuta kila kitu.

Na chaji. Simu iliyozima ni pochi iliyofungwa. Beba betri ya akiba, na andika kwenye karatasi namba tatu: ya mtu wa nyumbani, ya hoteli, na ya huduma kwa wateja.

Liwatoni yenyewe

Liwatoni iko kusini magharibi mwa kisiwa, kando ya Mbaraki na Ganjoni, ikitazama mlango wa Kilindini. Wengi wanaijua kwa soko la samaki na gati la wavuvi. Nje ya Mombasa, jina lake lilivuma Desemba 2020, lilipofunguliwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu upande wa Likoni, ili kupunguza msongamano wa feri wakati wa korona. Sehemu ya katikati ya daraja ilikuwa inafunguliwa kupisha meli.

Picha za daraja hilo bado zimejaa kwenye intaneti, na msafiri anaweza kuziona akapanga kulala Likoni avuke asubuhi na begi lake la magurudumu. Usifanye hivyo. Daraja limefungwa, halivushi watu tena. Anayelala kusini atavuka kwa feri ya Likoni, ambayo kwa mwenda kwa miguu ni bure, lakini ina foleni na misukumano, na mizigo mikubwa ndani yake ni mtihani. Barabara ya Dongo Kundu nayo inakutoa Miritini hadi pwani ya kusini bila feri, na ni nzuri kwa anayekwenda Diani kupumzika. Kwa mwenye meli kesho, itakuzungusha mbali na gati lako. Lala kisiwani.

Asubuhi ya meli, fika getini na nyaraka mkononi. Wanaosindikiza wajue mapema kwamba hawatapita geti la bandari bila kibali, waagane nje. Na akitokea mtu hapo getini akisema kuna "ada ya geti" au "ada ya mizigo" ya kutumwa kwenye simu yake, usitume. Malipo halali yana risiti na yanaenda kwa jina la taasisi. Piga simu kwa aliyekuuzia tiketi ya meli, uulize.

Kwa anayekwenda kazini melini

Sehemu hii tunaiandika kwa uzito. Si kila anayeshuka Miritini na begi kubwa ni mtalii. Kuna vijana wanaoitwa kazini kwenye meli, na kuna matapeli wanaojua hivyo.

Mtindo wao ni huu: unapata ujumbe kwamba umechaguliwa kufanya kazi kwenye meli ya watalii, mshahara wa dola. Unaambiwa ufike Mombasa na mizigo yako tarehe fulani. Kabla ya hapo, tuma ada ya kushughulikia faili. Ukituma, inakuja ada ya mafunzo. Kisha ya viza. Familia inauza mbuzi, inachanga, inakopa. Kijana anafika Liwatoni na begi, anapiga simu, mteja hapatikani.

Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa au kupewa kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia, pasipoti na nyaraka kama hizo. Viza si juu yake. Wakala wa kuajiri mabaharia anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ambayo ofisi zake kuu ziko Mombasa. Kabla ya kutuma hata shilingi mia, wapigie au nenda uulize kama jina hilo lina leseni. Swali hilo ni la bure.

Kabla ya kupanda ngazi ya meli

Kwenye meli nyingi kubwa hutalipa kwa simu wala kwa shilingi. Unapewa kadi ya meli, na kila unachonunua kinaandikwa humo, aghalabu kwa dola, halafu kinalipwa kwa kadi ya benki au kwa pesa ulizoweka mwanzo. Uliza aliyekuuzia tiketi mapema, usikute habari hizo kaunta.

Meli ikishatoka mlango wa bahari, mtandao wa nyumbani unapotea. Ule wa melini huja kwa setilaiti na bei yake ni kali. Kwa hivyo, ukiwa bado hoteli: lipa karo, kodi ya nyumba na stima zinazoangukia siku utakazokuwa baharini. Watumie wa nyumbani matumizi yao. Waambie waziwazi: "Nikiwa baharini sitaomba pesa kwa ujumbe. Mkiona ujumbe wa namna hiyo, si mimi." Usiwaachie PIN, waachie pesa. Kisha zima data, na ukipanda weka simu katika hali ya ndege.

Mambo yakiharibika

Ukituma kwa namba isiyo yako, omba kurudishiwa papo hapo kupitia menyu au huduma kwa wateja. Kila dakika ina thamani, kwa sababu aliyepokea akishatoa, tunabaki kumbembeleza. Simu ikiibwa, azima yoyote iliyo karibu, tupigie tufunge akaunti, kisha ripoti polisi upewe namba ya OB. Ukikosa treni, usikimbilie broka. Piga kwanza simu kwa kampuni ya meli, waambie uko wapi, ndipo utafute basi au tiketi nyingine.

Usiku wa kuamkia safari, kabla hujazima taa, hakikisha haya:

- Tiketi ya treni ina jina lililo kwenye kitambulisho au pasipoti.
- Umejua saa ya kupanda meli, si saa ya kuondoka tu, na geti la kuingilia.
- Pesa za Miritini hadi Liwatoni zimetengwa peke yake, pamoja na akiba kidogo ya dharura.
- Una noti ndogo mfukoni, chaji kwenye simu, na namba tatu kwenye karatasi.
- Mabegi yamehesabiwa, na kila moja unaweza kuliinua.

Ukikuta moja halijafanyika, lifanye usiku huo huo, ukiwa kwako, umekaa, na simu iko kwenye chaji.